Naanza kukusanya sarafu, bajeti 5,000 kwa mwezi, nipo Tanga

kijana_makorora

Shikamooni wakubwa. Nasoma kidato cha pili, Tanga mjini. Nataka kuanza kukusanya sarafu na ninachoweza kutenga ni 5,000 kwa mwezi, haiongezeki. Mpaka sasa ninazo saba: 100 ya 1994, 200 ya 1998, shilingi 1 ya 1966, senti 20 yenye mbuni, senti 50 ya Malkia ya 1955, senti 10 yenye tundu ya 1936, na moja nyeusi ya shaba yenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu.

Maswali:
1. Ile ya 1936 ina unga wa kijani kuzunguka tundu. Naambiwa nisugue kwa limau na majivu itang'aa. Ni sawa?
2. Nimeziweka zote kwenye kifuko kimoja cha plastiki laini, zile za kufunikia madaftari. Zitakaa salama?
3. Kuna muuzaji Ngamiani ana rupia ya Mjerumani anaitaka 40,000. Nijibane miezi minane niichukue?

Asanteni.

---

meno_ya_ukingo

Marahaba mdogo wangu. Swali la kwanza halisubiri: weka limau chini.

Shaba iliyokaa karibu miaka tisini ina ngozi ya kahawia juu. Ngozi hiyo ndiyo inayoikinga, na ndiyo kitu cha kwanza anachokiangalia anayejua. Asidi ya limau inaivua kwa dakika mbili, sarafu inatoka na rangi ya waridi kama bomba la friji, halafu baada ya wiki chache inaanza kupata mabaka yasiyolingana. Majivu yanamaliza kazi kwa mikwaruzo. Dawa ya meno, Brasso, mchanga wa pwani, ukwaju, yote ni ndugu moja. Sarafu iliyosuguliwa hairudi ilikotoka, na atakayeinunua kesho atakupa chini ya nusu ya bei, au hatainunua kabisa.

Huo unga wa kijani nao ni habari nyingine, usiuchanganye na uchafu. Chukua kijiti cha meno cha mbao, gusa taratibu. Kama kijani ni cheusi-cheusi, kigumu, kimeshika kama rangi, kiache, hakikudhuru. Kama ni kijani mpauko, kinadondoka unga, na ukikitoa kinarudi baada ya siku chache, hiyo ni chumvi inayokula shaba kutoka ndani. Sisi wa pwani tunaipata sana kwa sababu upepo wa bahari unaleta chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu ndani ya shaba kazi haisimami. Fanya hivi:

Itenge na nyingine leo hii. Toa unga wote unaotoka kwa kijiti cha mbao, usitumie sindano wala wembe. Itumbukize kwenye kikombe cha kioo chenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea betri ya gari. Soma chupa vizuri: madukani yale maji na asidi ya betri vyote watu wanaviita "maji ya betri", na ukichukua ya asidi utaunguza sarafu na vidole pamoja. Mwambie muuzaji unataka ya kuongezea, si ya kuanzishia betri mpya. Badilisha maji kila siku kwa wiki mbili. Ya bomba hayafai, yana klorini. Ya chupa ya kunywa yana madini. Ukimaliza, igandamize kwa kitambaa laini cha pamba bila kusugua, iache kivulini penye hewa siku mbili, kisha ihifadhi peke yake ukiichungulia kila mwezi. Unga ukirudi, rudia.

Na kabla hujafanya lolote, soma jina la mfalme wa Uingereza linalozunguka uso wa sarafu. Kama ni GEORGIVS, ni senti 10 ya kawaida. Kama ni EDWARDVS VIII, una kitu cha kusimulia: mfalme huyo alitawala miezi kumi na moja tu akajiuzulu Desemba 1936, na hakuwahi kutawazwa. Sarafu zetu za Afrika Mashariki zenye tundu hazikuhitaji sura yake, zilihitaji jina tu, kwa hiyo kiwanda kikazipiga mapema. Si za bei mbaya, zilitoka nyingi, usikubali mtu akuambie ni mamilioni.

---

nyumba_kavu

Meno kamaliza la kwanza, mimi nichukue la pili.

Toa sarafu kwenye hicho kifuko usiku huu. Plastiki laini yenye harufu kama ya kitambaa kipya cha meza cha plastiki mara nyingi ni PVC. Kwenye joto kama la Tanga inatoa asidi kidogo kidogo pamoja na mafuta ya kulainishia. Miezi sita baadaye unakuta ute wa kijani unaonata kwenye sarafu. Shaba na nikeli zinaumia, hata fedha inaumia.

Namna ya kuipima: chukua kipande cha waya mtupu wa shaba, ushike kwa koleo, uchome kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi tena. Gusisha waya ukiwa wa moto kwenye plastiki ili kipande kishike, urudishe motoni. Moto ukigeuka kijani kibichi, hiyo plastiki ina klorini, itupe. Ukibaki wa kawaida, uko salama. Fanyia nje na usivute ule moshi.

Cha bei ndogo na salama kipo duka la dawa: vile vifuko vidogo vya zipu vya kuwekea vidonge. Hivyo ni polithini, havina tatizo. Omba vipya, si vilivyobaki na vumbi la panadoli. Kila sarafu kifuko chake, pamoja na kipande cha karatasi nyeupe kilichoandikwa kwa penseli. Kalamu ya wino inahama. Bahasha za kaki usitumie wala raba bendi usifunge: zote zina salfa, na salfa inafanya fedha iwe nyeusi. Raba ikikaa juu ya sarafu ya fedha inaacha mstari mweusi ambao hautoki.

Vifuko vyote viingie kwenye bati la biskuti lenye mfuniko unaobana. Ndani tia vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na mikoba, vile vya "usile". Vinanyonya unyevu. Vitano sita kwa bati moja vinatosha, na uvibadilishe kila baada ya miezi mitatu, masika ufupishe hadi mwezi na nusu. Wauza viatu wanavitupa, waombe. Mchele usiweke, unaacha vumbi na unaleta wadudu. Bati likae kabati la ukuta wa ndani, mbali na dirisha linalotazama baharini na mbali na jiko.

Kushika: kwa ukingo, vidole viwili, juu ya kitu laini. Jasho la kidole gumba juu ya sura ya Mwalimu leo halionekani; mwakani utaliona, na alama zake zote za kidole.

---

hela_na_pesa

Hiyo ya mizani mbona hamuisemi? Hiyo ndiyo nzuri kuliko zote ulizonazo, kijana.

Ni pesa ya Zanzibar ya Sultani Barghash bin Said. Tazama tarakimu chini ya maandishi. Kama umepita chuoni hazikusumbui: ziko za ١٢٩٩ na za ١٣٠٤. Huo ni mwaka wa Hijria. Kuupata wa Miladia kwa makadirio, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. 1299 inakupa 1882, 1304 inakupa 1887. Zilipigwa nyingi sana na zilizagaa mrima wote, ndiyo maana bado zinapatikana kwenye makopo ya vifungo ya mabibi. Bei yake haitishi, lakini ni sarafu ya umri wa zaidi ya miaka mia na thelathini kwa bajeti yako. Usiiguse kwa kitu chochote.

Halafu utafute mwenzake: pesa ya Kampuni ya Kijerumani, 1890 hadi 1892. Upande mmoja tai na jina refu la kampuni kwa Kijerumani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu ndani ya shada pamoja na mwaka wa Hijria. Watu wengi wakiona Kiarabu wanaitupa kwenye fungu la Zanzibar. Geuza, ukiona tai ujue ni ya Mjerumani. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1904 Mjerumani akabadili, rupia moja ikawa heller 100, na heller hiyo ndiyo iliyotuachia neno "hela". Kwa hiyo bati lako dogo linaweza kukaa na pesa na hela halisi, kwa maana ya neno lenyewe.

Dokezo la kutafutia. Ukienda kwa mzee ukasema "naomba sarafu za kikoloni" utaambiwa hakuna. Uliza kwa majina yake: thumuni ni senti 50, peni ni senti 10, ndururu ni senti 5. Ukitamka "thumuni" tu, utaona kopo linatolewa uvunguni. Na shikamoo kwanza, bei baadaye.

---

meno_ya_ukingo

Haya, rupia. 40,000 kwa mwenye 5,000 ya mwezi ni miezi minane mizima. Si lazima iwe mbaya, lakini usitoe shilingi kabla ya vipimo vinne, na vyote ni bure:

Uzito. Rupia moja halisi ni gramu 11.66. Nenda kwa sonara yeyote, mwombe akuwekee kwenye mzani wake wa dhahabu, ni sekunde kumi. Iliyochakaa sana inaweza kushuka sehemu za kumi za gramu. Kuchakaa hakuli gramu mbili huku herufi zinasomeka.

Kipenyo. Milimita 30, kidogo juu au chini.

Sumaku. Ng'oa ya spika mbovu. Rupia ni fedha karibu asilimia 92, haishikwi hata kidogo. Ila tahadhari: kutoshikwa hakuthibitishi kitu, shaba na risasi nazo hazishikwi. Sumaku inakataa, haithibitishi.

Ukingo. Hapa ndipo feki nyingi zinapoangukia, ndiyo maana nimejiita nilivyojiita. Halisi ina meno ya wima yaliyo sawasawa kuzunguka kote. Ya kumiminwa kwenye kalibu inaonyesha mstari mwembamba wa mshono katikati ya ukingo, au sehemu iliyopigwa tupa kuuficha, na meno yanakatika hapo. Uso wake pia unakuwa na vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa, kwa sababu metali iliyoyeyushwa inatoa hewa inapopoa. Sarafu halisi imegongwa, haikumiminwa. Sehemu iliyo tambarare inakuwa laini.

Pia tazama picha. Za Kampuni, 1890 hadi 1902, nyuma zina ngao yenye simba na mnazi. Za serikali kuanzia 1904 zina thamani kwa maandishi, na herufi ndogo ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Ukikuta mwaka wa awamu moja na mgongo wa awamu nyingine, rudisha na uage kwa adabu.

---

bati_la_biskuti

Naongeza kwa ufupi: mtu yeyote akikuambia rupia yake inavuta mchele, inazima simu, au kuna mnunuzi wa Uarabuni anatoa mabilioni, ondoka. Fedha haivuti mchele. Mkoa wetu huu, kuanzia mjini hadi Lushoto, habari za "mali ya Mjerumani" zimeshakula pesa za watu wengi. Ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora 1916 wakati wa vita, ipo kweli, lakini zilipigwa kama elfu kumi na sita tu, na zinazotembezwa mitaani ni shaba iliyopakwa. Halisi ina gramu 7.17. Mzani wa sonara tena.

Na usichimbe wala kuokota magofuni, iwe Tongoni au ukienda Kaole kule Bagamoyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimo. Ukiziona, unatoa taarifa, huzitii mfukoni. Zako zote saba ni za baada ya hapo, lala salama.

---

kijana_makorora

Asanteni sana. Nimerudi kutoka kwa sonara. Rupia imesoma gramu 9.2. Sumaku haikushika. Ukingoni kuna mstari, na upande mmoja meno hayapo. Muuzaji anasema imechakaa kwa sababu ya umri. Senti 10 inasoma EDWARDVS. Ya mizani ni ١٢٩٩.

Sasa 5,000 ya mwezi huu niifanyie nini?

---

meno_ya_ukingo

9.2 na mshono: iache. Usimwite tapeli mbele za watu, inawezekana naye aliuziwa hivyo. Mwambie tu hujaridhika na uzito.

---

chenji_tupu

5,000 ni nyingi kama hutaitumia. Sikiliza.

Nenda kwa muuza kahawa jioni akishafunga hesabu, au konda wa daladala mwisho wa zamu, ubadilishe noti ya 5,000 kwa sarafu za 100. Unapata hamsini. Kaa mezani, zipange kwa mwaka, chagua iliyo kali kuliko zote kwa kila mwaka, rudisha mia yako nyingine mahali pake, kisha zilizobaki katumie dukani au kabadilishe tena. Mtaji hauishi, unazunguka. Wiki ijayo fanya na 200, inayofuata 50 na 500. Wauza kahawa ndio bora kwa sababu wanapokea sarafu kutwa.

Kali maana yake nini? Kwenye 100, tazama nywele za Mwalimu juu ya sikio na miguu ya mbele ya swala. Hapo ndipo palipoinuka, hapo ndipo panapokwisha kwanza. Mistari ya nywele ikionekana mmoja mmoja, weka. Ikiwa imekuwa bonge moja, itumie. Shika chini ya taa moja tu, izungushe taratibu. Mng'ao wa kiwandani unatembea kama spoku za baiskeli, mng'ao wa kusuguliwa umesimama palepale.

Mada ninayokupendekezea ni wanyama wa Tanzania, kwa sababu ina mwisho na haihitaji tajiri. Tisa: samaki kwenye senti 5 yenye pembe kumi na mbili, pundamilia kwenye senti 10 yenye ukingo wa mawimbi, mbuni kwenye senti 20 (unaye), sungura kwenye senti 50, tembo na mtoto wake kwenye shilingi 20 za kuanzia 1990, faru kwenye 50, swala kwenye 100 (unao), simba kwenye 200 (unao), nyati kwenye 500 iliyotoka 2014. Za mwisho nne bado ni pesa halali, gharama yake ni thamani yake, shilingi 850 kwa zote. Kwa hiyo umebakiza sita, na kati ya hizo mbili zinapatikana kesho asubuhi kwenye chenji. Ngumu itakuwa senti 10 ya pundamilia, hiyo ilianza 1977 na watu hawaitunzi.

Senti za zamani ukizipata kwa mtu, nunua fungu, usinunue moja moja. Mwambie akupe bei ya kopo zima. Chagua nyumbani, zilizojirudia zitakuwa za kubadilishana na wenzako.

---

hela_na_pesa

Nakubaliana na wanyama, ila ningemwachia pia mlango wa sarafu zenye madini ya fedha za bei nafuu. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima nyuma: za 1921 hadi 1925 na za 1937 hadi 1946 zina fedha robo. Uzito gramu 7.78, kwa hiyo fedha halisi ndani ni gramu 1.94. Kuanzia 1948 hadi 1952 ni nikeli na shaba, hakuna fedha. Muuzaji akikuambia "hii ni silva" na mwaka ni 1950, mwonyeshe mwaka. Na akikuletea shilingi ya Afrika Mashariki yenye sura ya Malkia Elizabeth, mrudishie: Malkia alipata senti 1, 5, 10 na 50 tu, shilingi hakupata.

Muulize sonara bei yake ya gramu ya fedha siku hiyo, zidisha kwa 1.94, hiyo ndiyo sakafu. Masonara wenyewe wanazo kwenye makopo ya kuyeyushia. Fika kabla ya moto.

Chungulia pia herufi ndogo ya kiwanda: H ni Heaton wa Birmingham, KN ni King's Norton, SA ni Pretoria, I ni Bombay, pasipo herufi mara nyingi ni London. Mwaka mmoja unaweza kuwa na viwanda vitatu, na wauzaji wa mtaani hawatofautishi, wanauza bei moja.

---

nyumba_kavu

Kitu cha kununua kwa hiyo 5,000 basi, kabla ya sarafu yoyote: vifuko vya dawa, maji ya kuongezea betri chupa moja, penseli, na daftari la kaunta. Kwenye daftari chora safu saba: namba, nchi, thamani, mwaka, herufi ya kiwanda, umeipata wapi, umetoa ngapi. Namba hiyohiyo iende kwenye karatasi ya ndani ya kifuko. Safu ya bei ijaze hata kama ni ya bure, andika 0.

Ile ya Edward ikitoka kwenye maji usiichanganye na zingine mpaka mwezi upite bila unga.

---

kijana_makorora

Imeshaingia kwenye maji. Nimeangalia chupa mara mbili. Sikuwa na glasi ya bure, nimetumia chupa tupu ya jamu.

---

nyumba_kavu

Chupa ya jamu sawa, mfuniko wake wa bati usiufunge, unashika kutu na kutu itadondokea ndani. Funika kwa karatasi.